Madoa Kumi na Tisa

Kikombe cha Profesa kilikuwa na ukungu wa kijani wenye manyoya. Chini ya ukungu kulikuwa na chai ya juma lililopita, na juu ya ukungu kilikaa kipande cha ukucha. Naanza na kikombe hicho kwa sababu nilikiosha miaka sita bila kusema neno, nikidhani uchafu wa mtu yule ulikuwa unaishia pale mezani.

Mimi ni mjane. Nimesoma shule ya msingi tu, na kazi yangu ni usafi katika jengo la chuo, ghorofa ya juu kabisa, wanakokaa wale wanaosoma nyota. Nasema wanasoma nyota, lakini sijamwona hata mmoja akitoka nje kuinua uso. Wanatazama kompyuta. Mbingu inapigwa picha na darubini iliyo juu ya mlima ambao wengi wao hawajaufikia, halafu picha zinawafuata ofisini, kwenye viti vyao vya magurudumu.

Siku moja nilikuwa napangusa meza ya binti wa marehemu dada yangu. Huyu nilimlea tangu ana miaka minne. Ananiita mama mdogo, nami namwita mwanangu, maana Mungu hakunijalia mwingine. Alikuwa anasomea udaktari, si ule wa hospitali, ule wa kusoma mpaka vitabu vyenyewe vikuombe radhi. Mezani palikuwa na picha kubwa za karatasi. Wanazichapa kinyume: mbingu inakuwa nyeupe, nyota zinakuwa nyeusi, kwa sababu jicho huliona upesi doa jeusi kwenye kitu cheupe. Hilo hawakuwa na haja ya kunifundisha. Nimefua shuka za watu miaka ishirini.

"Hili doa ni la wino au ni la huko juu?" nikamuuliza.

"Lipi, mama mdogo?"

"Hili hapa, kama mtu amegusa na kidole chenye jivu."

Akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Mbona silioni?"

"Njoo upande wa dirisha."

Akaja upande wa dirisha akaliona. Kompyuta ilikuwa imelipita kama mtu anavyompita maskini mlangoni. Akamwita Profesa, naye akaja akijifuta vidole kwenye suruali, akatazama, akacheka. "Huyu mama ana macho ya mwewe! Mpeni picha." Tangu siku hiyo nikawa nafagia asubuhi, na mchana nakagua mbingu.

Kazi yenyewe mwanangu alinieleza nyumbani, nikiwa nafua. Akaonyesha beseni.

"Unaliona povu hilo? Galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, nazo zimekaa hivyo. Zimejipanga kwenye ngozi za mapovu, na ndani ya kila povu ni patupu. Sisi tumejenga ukingoni. Nyuma ya nyumba yetu, tuseme, kuna utupu mkubwa, na ndio tunaoukagua."

"Mnatafuta nini mahali patupu?"

"Wale wachache wanaokaa huko." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Kuna kitu kizito kinaitwa maada ya giza. Hakitoi mwanga wala hakizuii mwanga. Tunakijua kwa uzito wake tu, kwa jinsi kinavyovuta vinavyoonekana. Sasa hesabu inasema kitu hicho hujikusanya mabongemabonge, makubwa kwa madogo, hata humo ndani ya utupu. Na bonge dogo nalo linaweza kushika galaksi ndogo, kibete. Kwa eneo letu, hesabu ya Profesa inasema tukute vibete kama arobaini."

"Na mkikuta pungufu?"

"Basi ama mabonge yenyewe hayapo, na hesabu ina kasoro. Ama mabonge yapo, ila ni nyumba ambazo hazijawashwa taa. Vyovyote vile watu watakuna vichwa."

"Mungu anajua idadi yake."

"Anajua, ila hajaichapisha," akasema, tukacheka wote wawili, mikono yangu imo kwenye povu.

Kila picha ilikaguliwa na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuambiwa ni picha ya wapi. Mkaguzi wa kwanza alikuwa bwana mmoja tuliyemwita Miwani, baba wa watoto watatu, mpole, mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Wa pili nilikuwa mimi. Ukimaliza picha unaandika kwenye fomu namba ya picha, idadi ya madoa, na sahihi yako. Ukiwa hukuona kitu unaandika "hakuna".

Hilo neno "hakuna" nililipenda kuliko yote. Marehemu mume wangu alikuwa fundi mizani. Kabla hajaweka jiwe lolote juu ya mizani ya mtu, aliiangalia ikiwa tupu. Alikuwa akisema: "Mizani unaianza kuikagua ikiwa haina kitu. Ikikuambia kuna kitu wakati hakuna, mwenyewe ni mwizi au mizani ni mbovu." Kwa hiyo kila nilipoandika "hakuna" nilimkumbuka, nikamwombea.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo ndilo lililotuingiza matatani. Mwanangu alikuwa anapandikiza madoa ya uongo kwenye baadhi ya picha, yaliyotengenezwa na kompyuta, bila kutuambia ni picha zipi. Ni kipimo cha macho. Akipandikiza kumi nasi tukaona tisa, anajua kwamba katika kila kumi tunapoteza moja. Nilipoambiwa sikuchukia. Nimefanya usafi katika nyumba za mabibi waliokuwa wakificha njiti ya kiberiti chini ya zulia, wajue kama zulia linainuliwa. Muhimu ni kwamba hesabu ikishakamilika, orodha ya vibete vya kupandikiza inachukuliwa na vyote vinaondolewa. Njiti ya kiberiti haihesabiwi kuwa samani.

Awamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Awamu ya pili Profesa akaingiwa na kiwewe. Alisikia kuna kundi lingine, nchi nyingine, nalo linahesabu utupu huohuo. Akawa anapita kwenye korido akipiga makofi kama mchunga mbuzi. "Haraka, haraka! Wa pili hana jina!" Mwanangu akawa anakunywa chai akiwa amesimama, na kuzungumza na mimi bila kuniangalia.

Katika awamu hiyo nikaanza kukutana na doa moja nililolipa jina: mbegu iliyong'atwa. Lilikuwa na umbo la mbegu, limelala kidogo, na upande wa kushoto limepungua kama limeng'atwa na panya. Nililikuta kwenye picha ya mia mbili na saba. Nikalikuta kwenye mia tatu thelathini na tatu. Nikalikuta tena kwenye mia nne na kumi na nane. Hata mapacha mama yao huwatofautisha. Haya hayakuwa mapacha, yalikuwa doa moja. Nikacheka peke yangu. Nikasema, mwanangu amechoka, ameanza kupandikiza mbegu ileile. Nikayahesabu kama inavyotakiwa, nikasaini, na kwenye daftari langu dogo nikaandika: "mbegu tena". Sikuwa na wasiwasi. Si yataondolewa?

Miezi miwili baadaye wakabandika bango kwenye korido, kubwa kuliko mlango. Juu limeandikwa UTUPU UMEJIBU. Chini yake picha arobaini na moja zimepangwa mistari, ndogondogo, kama picha za vitambulisho. Hesabu ilisema kama arobaini, na wao wamepata arobaini na moja. Watu walipita wakipeana mikono.

Nami nikaja na kitambaa changu kupangusa vumbi. Mstari wa pili, picha ya tatu: mbegu iliyong'atwa. Nikasogea. Mstari wa nne: mbegu iliyong'atwa. Mstari wa mwisho, karibu na jina la Profesa, ipo tena, imetulia kama mgeni wa heshima. Kitambaa kikanidondoka.

Jioni mwanangu alikuwa anakaanga mayai. Nikamwambia azime jiko. Nikamwekea daftari langu mezani, nikamtajia zile namba tatu. Mwanzoni alitabasamu, kama unavyomtabasamia mtu mzima anayekuambia ameota. Kisha akafungua kompyuta. Nilimwona uso ukibadilika kidogo kidogo, kuanzia mdomoni.

"Orodha ya awamu ya pili," akasema. "Sikuiondoa. Mama mdogo, niliiondoa ya kwanza mara mbili. Ya pili sikuiondoa kabisa."

"Ni ngapi?"

Akahesabu. Akahesabu tena. "Kumi na tisa."

"Kwa hiyo za kweli?"

"Ishirini na mbili." Akajifunika uso na kitambaa cha jikoni. "Nimekwisha."

Nikamkumbatia. Nilimwambia kusahau si dhambi, kwamba mimi mwenyewe niliwahi kumwaga dawa ya choo kwenye maua ya mkuu wa chuo, na nikasema, na dunia haikuisha. "Kesho utamwambia Profesa."

"Nitamwambia."

"Kabla ya chai."

"Kabla ya chai, mama mdogo." Usiku ule nililala vizuri. Namshukuru Mungu kwa usingizi ule, maana haukurudi tena upesi.

Kesho yake alirudi na karatasi ndani ya bahasha. Alikuwa amenunua mkate na siagi, akakata slesi nene, akaanza kula kabla hajanisalimu. Hajawahi kuingia ndani bila kunisalimu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Anasema makala imeshakubaliwa. Mtahini kutoka nje anafika Alhamisi. Tukianza kubadilisha namba sasa tutaonekana hatujui tunachofanya." Akameza. "Baadaye tutaandika masahihisho madogo."

"Baadaye lini?"

"Baadaye."

Akanisogezea ile karatasi. Tamko la Wakaguzi. Sisi wakaguzi wa picha tunathibitisha kwamba vya kupandikiza vyote viliondolewa kabla ya hesabu ya mwisho. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi. Moja ilikuwa imejaa.

"Miwani amesaini," akasema.

"Miwani anasaini hata risiti ya dobi bila kusoma. Mwanangu, hapa pameandikwa vyote viliondolewa. Viliondolewa?"

"Hiyo ni lugha tu ya fomu."

"Viliondolewa?"

"Mama mdogo, unataka miaka mitano yangu iende bure? Unataka nirudi kufagia na wewe?"

Aliyasema hayo mkate ukiwa mdomoni, na siagi imemng'ang'ania kwenye kona ya mdomo. Kinywa kile nilikilisha uji kwa kijiko cha chai alipokuwa anaumwa surua. Nilikitazama kikitafuna na kudanganya kwa wakati mmoja, na kichefuchefu kikanipanda, kichefuchefu hasa, mpaka nikainuka nikaenda kusimama karibu na sinki. Uchafu wa wageni nimeuzoea. Nimezibua vyoo vya watu wenye shahada tatu. Huu ulikuwa wa nyumbani kwangu, na nilikuwa sijui niushike kwa mkono gani.

"Kufagia ndiko kulikokulea," nikasema, mgongo ukiwa kwake. Akaenda chumbani kwake, akaacha makombo mezani.

Sitajifanya malaika. Jumatano asubuhi, baada ya sala, nilikaa na ile karatasi na kalamu. Niliwaza joho lake jekundu, na mimi nimekaa mstari wa mbele na viatu vipya, na dada yangu akituona kutoka aliko. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Hata nukta ikaingia; ipo mpaka leo. Halafu nikajiona nilivyo, mtu aliyetoka kumwambia Mungu "usitutie majaribuni" hata dakika kumi hazijapita. Nikaenda kuosha mikono. Nikaiosha mara mbili, na sabuni ya kufulia.

Mchana Profesa akaniita ofisini. "Mama Usafi! Karibu, karibu, kaa." Akapangusa kiti kwa leso ambayo alikuwa ametoka kupengea kamasi. Nikabaki nimesimama, nikamwekea mezani ile karatasi ya tamko, bila sahihi yangu.

"Nasikia una shaka kidogo," akasema. Alikuwa ameokota fomu mezani, anachokonoa meno kwa kona yake. Nikaitambua. Ilikuwa fomu yangu, yenye sahihi yangu.

"Sina shaka, Profesa. Nina hakika. Ni kumi na tisa."

"Wewe ni mtu wa sala. Hebu niambie, imani ni nini? Si kuamini tusivyoviona? Basi, maada ya giza haionekani, lakini ipo. Nadharia hii imeshinda majaribio makubwa kuliko haya. Inasema hizo galaksi zipo. Hatujaziona tu. Hizo kumi na tisa, tuseme, tumeziwekea nafasi. Kama kiti cha mgeni."

"Profesa, mgeni asiyefika haandikwi kwamba alikula."

Akacheka, na kitu kikaruka kutoka kwenye meno kikatua juu ya fomu. "Una maneno, mama!" Halafu kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa. "Sikiliza. Usiposaini, mimi nitakula na kulala. Nina makala mia moja. Yeye ana hii moja. Wewe ndiye utakayemfelisha, si mimi." Akainuka, akanipigapiga begani, vidole vikiwa na mafuta ya sambusa.

Nimeudhiwa na watu wengi maishani. Lakini kuchukua jina la imani, kitu ninachokiinukia kila alfajiri na magoti yananiuma, na kukifanya kitambaa cha kufutia uongo, hilo lilinichafua kuliko vidole vyake. Mungu wangu hapungukiwi na galaksi kumi na tisa. Kama aliuacha utupu uwe mtupu, aliuacha kwa makusudi, na ni adabu mbaya kuingia ndani yake na kutupa mbegu za kompyuta. Nilivua ovaroli nikaiweka kwenye maji ya moto.

Alhamisi asubuhi nilimsubiri mwanangu mlangoni.

"Leo nakupa nafasi useme wewe kwanza," nikamwambia. "Nitakaa kimya mpaka nione umemaliza. Usiposema, nitasema mimi."

"Utanivua nguo mbele za watu?"

"Nitakuvua iliyochafuka."

Tulikwenda kazini kila mtu upande wake wa barabara.

Chumba cha mkutano nilikipiga deki mwenyewe. Mtahini alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, na alikuja na begi la kitambaa kama la sokoni. Hakugusa biskuti. Mwanangu akasimama mbele, akaeleza vizuri, Mungu anajua alieleza vizuri. Povu, ukingo, mabonge, mpaka na mimi nikasahau kwa muda kilichonipeleka pale. Akafika kwenye idadi. Akanitazama kule nyuma nilikokaa karibu na Miwani. Nikaomba ndani kwa ndani: sema, mwanangu, sema.

"Arobaini na moja," akasema.

Mtahini akafunua karatasi zake. "Hili tamko la wakaguzi lina sahihi moja. Ya pili ni nukta."

"Ah, huyo ni mama yetu wa usafi," Profesa akadakia, akitabasamu kulia na kushoto. "Amesahau. Mambo ya umri."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Mtahini hakucheka. "Mkaguzi wa pili yupo?"

"Nipo," nikasema. Nikainuka. "Sikusahau. Nimekataa."

Nikaenda mbele. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na picha tatu, nimezikunja ndani ya taulo safi zisipate alama. Nikazitandaza mbele yake: mia mbili na saba, mia tatu thelathini na tatu, mia nne na kumi na nane. Nikamwonyesha kwa kijiti, si kwa kidole.

"Hili. Na hili. Na hili. Naomba uyatazame upande wa dirisha."

Mama yule akainuka, akazipeleka zote tatu dirishani. Akatoa kwenye begi lake kioo cha kukuzia, cha zamani, kimefungwa uzi kwenye mpini. Alitazama muda mrefu, mpaka nikasikia Miwani akipumua kwa pua.

"Ni kitu kimoja," akasema. "Mara tatu."

"Huenda ni hitilafu ya uchapaji," Profesa akasema.

"Ni zangu."

Alikuwa mwanangu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nilizipandikiza mimi. Awamu ya pili sikuiondoa orodha. Ziko kumi na tisa. Za kweli ni ishirini na mbili. Nimejua tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu," mtahini akarudia, akaandika. "Na msimamizi wako alijua lini?"

Kabla hajajibu, Profesa alikuwa ameshasimama. "Nami mwenyewe nilikuwa na wasiwasi na idadi hiyo! Nilimwambia binti, angalia tena, angalia tena. Vijana wa siku hizi..." Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama baba aliyefiwa. Mdomo uleule, meno yaleyale. Nilitazama sakafu niliyoipiga deki asubuhi, nikaogopa nitaitapikia.

"Jumanne," mwanangu akasema. "Nilimwambia Jumanne, kabla ya chai."

Hapo akanitazama. Haikuwa shukrani. Ilikuwa kama mtu anayekurudishia kitu chako na hataki vidole vyenu vigusane.

Hawakumpa shahada. Wakampa mwaka mmoja arudie ukaguzi wote tangu picha ya kwanza, chini ya msimamizi mwingine, na makala ikaondolewa. Bango likabanduliwa. Nililibandua mimi. Profesa alipewa barua, sijui iliandikwa nini, ila haikumpunguza unene.

Mwanangu hakusema nami siku kumi na nne zaidi ya shikamoo. Alikula amegeukia ukuta. Nami, niseme kweli, kuna jioni nilishindwa kumtazama akila. Nilikuwa namwona na siagi ile. Kwenye sala nilifika pale pa kusamehe nikapapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa salamu. Nilimwambia Mungu, ngoja kwanza.

Mwezi wa tano nikamsikia Profesa kwenye redio. Nilikuwa naosha sufuria. Mtangazaji akamuuliza kuhusu utupu ulio jirani nasi. "Tumekuta nusu tu ya galaksi tulizotarajia," akasema, sauti imejaa asali. "Ni matokeo ya kusisimua sana. Mimi tangu mwanzo nilisema nadharia hii ichunguzwe kwa makini. Mwanasayansi lazima awe mwaminifu." Nikazima redio kwa mkono wenye povu. Ishirini na mbili zetu! Alizikataa zilipokuwa kweli ya aibu, na sasa amezivaa kama tai.

Kesho yake akachungulia kutoka ofisini kwake. "Mama, mbona kikombe changu sikioni?"

"Kipo palepale ulipokiacha, Profesa."

Alinunua kingine.

Ukaguzi mpya ulianza na mvua. Safari hii mwanangu alitengeneza maumbo mia tatu ya kupandikiza, hakuna linalofanana na mwenzake. Msimamizi mpya ndiye aliyeyapandikiza na kuishika orodha, hata mwanangu asijue yako wapi. Tulikaa meza mbili, yeye amechukua nafasi ya Miwani, migongo imegeukiana kama utaratibu unavyotaka. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki. Nilisikia kalamu yake, alisikia yangu.

Siku moja, saa nane mchana, tukafika kwenye ile ya mia mbili na saba. Najua naye aliitambua, maana alikaa nayo muda mrefu kuliko zote. Mahali pale ilipokuwa mbegu iliyong'atwa, kwangu palikuwa peupe, peupe kama shuka iliyoanikwa juani. Nilipapitia mara tatu. Nikazungusha karatasi. Nikaenda nayo dirishani.

Tukamaliza, tukageuka, tukabadilishana fomu kama inavyotakiwa, kila mmoja asome ya mwenzake.

Ameandika "hakuna".

"Una hakika?" nikamuuliza. Lilikuwa swali la kwanza ambalo si la jikoni.

"Sina hakika, mama mdogo," akasema. "Nimeangalia tu. Sikuona kitu."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kazi. Kwenye kona ya mdomo palikuwa na wino. Nikatoa leso yangu, safi, ya asubuhi ile, nikamfuta, naye akaniacha nimfute. Halafu akasaini, nikasaini.